Kifaa gani cha hataza ya mwanzoni mwa karne ya 20 kinafaa kufunguliwa darasani?

Maalim wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu na dada zangu. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Lamu, na muhula ujao nimekabidhiwa chama cha sayansi cha wanafunzi. Ningependa tuchukue kifaa kimoja tu cha matumizi ya kila siku, kilichopewa hataza (yaani patent, haki ya kisheria ya mvumbuzi) kati ya mwaka 1900 na 1920 hivi, tukifungue mezani, na kila mwanafunzi aione kwa macho yake na kuigusa kwa mikono yake ile sehemu iliyokifanya kifaa hicho kistahili kuitwa uvumbuzi. Vitabu tulivyo navyo vinawataja wavumbuzi kwa majina na miaka, na wanafunzi wanayakariri vizuri sana, lakini ukimuuliza mmoja wao ni kitu gani hasa alichokileta mtu huyo ambacho jana yake hakikuwapo, hukosa la kusema. Jambo hilo linaniuma, na ndilo ninalotaka kulirekebisha.

Kifaa chenyewe kipatikane hapa kisiwani au Malindi kwa bei isiyomshtua mzazi. Kifanye kazi bila umeme, kisimdhuru mtoto kikifunguliwa, na kiwe kitu ambacho wanafunzi wanakiona nyumbani kwao. Vile vile ningependa historia yake iwe inajulikana, yaani nani alikibuni, wenzake waliomtangulia walikwama wapi, na hataza ilitolewa lini.

Mwenyewe nilianza kwa kufikiria wembe wa kunyolea. King Camp Gillette alipewa hataza yake nchini Marekani tarehe 15 Novemba 1904, na kisa chake kinafundisha mengi, kwa kuwa wazo la wembe mwembamba wa kutumia na kutupa alikuwa nalo miaka mingi, lakini halikusonga mbele hadi alipopatikana mhandisi, William Nickerson, aliyejua namna ya kuufanya ukanda mwembamba wa chuma uwe mgumu bila kupindika katika tanuri. Hata hivyo, kugawa nyembe katika darasa lililojaa watoto ni jambo ambalo sitalithubutu. Naomba wenye ujuzi mnipe kifaa kingine, na tafadhali mnieleze kwa kina jinsi kinavyofanya kazi, kwa maana jina na mwaka peke yake havitanisaidia.

Fundi wa Maabara, Malindi

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Pendekezo langu ni chupa ya chai, ile yenye kioo ndani, ambayo ni nadra kuikosa katika nyumba ya pwani hii.

Habari zake zinaanzia London mwaka 1892. James Dewar, mwanakemia wa Royal Institution, alikuwa akishughulika na gesi zilizogeuzwa kuwa kimiminika kwa baridi kali, na gesi hizo zilichemka na kumtoroka mara tu zilipopata joto la chumba. Akatengeneza chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zilizoungana mdomoni tu, akaifyonza hewa iliyokuwa kati yake, na kioo kikapakwa fedha kikang'aa. Wanafunzi wako wamekwisha kusoma kwamba joto lina njia tatu za kusafiri, na chupa hii inazikabili zote: mahali pasipo na hewa hapana kitu cha kulipokeza joto kwa kugusana wala cha kulibeba kwa kuzunguka, na uso wa fedha hulirudisha lile linalosafiri kwa mionzi. Njia kubwa inayobaki ni shingo na kizibo, na ndiyo sababu chupa yenye mdomo mpana huipoza chai mapema kuliko yenye mdomo mwembamba.

Dewar hakuchukua hataza. Aliyeona kwamba chombo hicho cha maabara kinaweza kuwa chombo cha nyumbani ni Reinhold Burger, fundi wa vioo huko Ujerumani. Aliongeza ganda la chuma na vishikizo vya ndani ili kioo kisigongwe kikavunjika, akapewa hataza mwaka 1903, na mwaka uliofuata kampuni ya Thermos ikaanzishwa. Dewar alipokwenda mahakamani kudai haki yake, alishindwa.

Ukikizungusha kitako cha chupa kikafunguka, kioo kitatoka chote. Chini yake utaona ncha ndogo ya kioo, ndefu kidogo kuliko punje ya mchele. Hapo ndipo hewa ilipofyonzwa, kisha kioo kikayeyushwa kwa moto kuziba. Ncha hiyo ikipata ufa mdogo tu, chupa huonekana nzima kabisa, inang'aa vile vile, lakini chai iliyotiwa asubuhi haifiki adhuhuri ikiwa moto. Tafuta vioo viwili, kimoja kizima na kimoja kilichoingia hewa, uvijaze maji ya moto wewe mwenyewe, halafu wanafunzi wavizungushie viganja kwa nje bila kuvigusa kwa nguvu. Tofauti wataijua bila kuambiwa.

Mshoni wa Malindi

Maalim, salamu nyingi, na wewe Bwana wa Maabara pia. Nakubali kwamba chupa ya chai ni somo bora la joto, na hiyo ncha ya kioo wengi huishi na chupa miaka mingi bila kuiona. Lakini Maalim ameomba kitu cha kufungua na kushika, na katika chupa jambo lenyewe ni utupu ulioko kati ya vioo viwili, ambao hauonekani wala haushikiki. Isitoshe, kioo kikimponyoka mtoto mmoja, somo limekwisha. Mimi nashona mabegi na kurekebisha nguo, na kifaa kinachopita mikononi mwangu kuliko chochote ni zipu. Nakusihi uchukue zipu.

Kwanza historia yake, kwa sababu umeuliza wenzake walikwama wapi. Mwaka 1893 Whitcomb Judson, Mmarekani, alipewa hataza ya kifungio cha viatu kilichokuwa na safu ya kulabu upande mmoja na safu ya vitanzi upande wa pili, pamoja na kitelezi cha kuviunganisha. Alikipeleka katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka huo huo, na watu hawakukichangamkia. Kulabu ni kitu kinachokaa mahali pake kikiwa kimevutwa, na mara mvutano ukilegea, kwa mfano mtu anapoinama, huchomoka. Judson alijaribu miundo mingine kwa miaka mingi, na vifungio vyake viliendelea kufunguka bila kuamrishwa.

Kampuni iliyorithi kazi hiyo ilimwajiri mhandisi mzaliwa wa Sweden, Gideon Sundback, mwaka 1906. Naye alianza kwa kuziboresha zile kulabu. Katika mwaka 1913 akaziacha kabisa, na hapo ndipo zipu tunayoijua ilipozaliwa. Hataza yake ilitolewa tarehe 20 Machi 1917.

Sasa tazama alichokifanya. Chukua zipu ya chuma iliyokwisha kazi, ung'oe jino moja kwa koleo, uliweke kwenye kiganja na ulitazame juani. Miguu yake miwili ndiyo inayobana utepe wa kitambaa. Kwenye kichwa cha jino, upande wa juu, pana kinundu kidogo. Ligeuze, na chini ya kinundu hicho hicho utakuta kishimo. Meno yote ni hivyo, ya kulia na ya kushoto, hayana dume wala jike. Kinundu cha jino la kulia hukaa ndani ya kishimo cha jino la kushoto lililo juu yake, na kinundu cha la kushoto hukaa ndani ya kishimo cha la kulia linalofuata, hadi mwisho wa safu. Safu ikiwa imenyooka hakuna nafasi ya kinundu kuinuka na kutoka katika kishimo chake, kwa kuwa meno ya juu na ya chini yamekibana. Ukiivuta nguo kwa pande mbili kwa nguvu zako zote, huifungui kwa urahisi zipu iliyo nzima.

Basi meno hayo huingianaje, ikiwa hayana nafasi? Jibu ni kupinda. Utepe ukipindwa, meno yake huachana kwenye ncha kama majani ya kuti yanavyoachana unapoukunja uti wake, na katika nafasi hiyo ndogo jino la upande wa pili hupita. Kichwa cha zipu, yaani kile kitelezi, kazi yake ni hiyo tu. Ndani yake mna njia mbili zinazokutana na kuwa moja, na mahali zinapokutana pana kabari. Ukikipandisha, kuta za nje huzileta safu mbili pamoja zikiwa zimepinda, meno yanapishana, na zikitoka nyuma zimenyooka na zimefungana. Ukikishusha, kabari inaingia katikati na kuzitenganisha. Hakuna springi, hakuna bawaba, hakuna kitu kinachochoka isipokuwa kuta za kichwa chenyewe.

Na hilo la kuta nalisisitiza, kwa sababu wateja huniletea mabegi wakisema meno yamekufa, zipu inafunguka nyuma ya kichwa, niitoe yote nitie mpya. Nikitazama, meno hayana neno. Kilicholika ni kichwa: midomo yake imepanuka kwa matumizi, haibani tena, kwa hiyo meno yanapita karibu karibu bila kuingiana. Mara nyingi inatosha kuishika midomo hiyo kwa koleo, upande huu kisha upande huu, kidogo kidogo, na zipu inarudi kufunga. Kikizidi kulika hubadilishwa kichwa peke yake, na gharama yake ni ndogo mno kuliko zipu nzima. Huku kwetu pwani kuna adui mwingine, chumvi ya hewa. Meno ya alumini hufanya unga mweupe, ya shaba hufanya kutu ya kijani, na kichwa hugoma. Piga mswaki mkavu, kisha upake nta ya mshumaa kwenye meno, usipake mafuta ya kupikia maana yanashika mchanga na kuharibu utepe.

Jambo la mwisho, ambalo naona ni kubwa kuliko watu wanavyolihesabu: Sundback alibuni pia mashine ya kuyatengeneza meno hayo. Waya uliotengenezwa kwa umbo la herufi Y ulikatwa vipande vyembamba, kila kipande kikapigwa kinundu na kishimo, kisha miguu yake ikabanwa kwenye utepe, na hapakuwa na chuma kilichotupwa. Bila mashine hiyo zipu ingebaki kitu cha kupendeza kwenye meza ya mhandisi, kwa kuwa hakuna fundi wa mikono anayeweza kuyapanga meno madogo kiasi hicho kwa nafasi sawasawa. Hata hivyo soko lilichelewa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ziliwekwa kwenye mikanda ya fedha ya mabaharia wa Marekani, na mwaka 1923 kampuni ya B.F. Goodrich ikazitia kwenye viatu vya mpira vya mvua. Nguo za kawaida zilifuata baadaye.

Nahodha wa Shella

Amani iwe nanyi nyote. Maalim, sipingani na huyu bwana mshoni, kwani ameeleza jambo lake kwa ustadi, lakini wanafunzi wako ni watoto wa kisiwani, na kifaa kilichoyabadilisha maisha yao kuliko zipu kinaning'inia kwenye tezi ya boti gatini pale. Ningependa uwalete siku moja wakitazame, hata kama hakiwezi kuingia darasani.

Injini ya kupachika ilikuwa na watu wengi waliokimbilia wazo moja. Cameron Waterman alipewa hataza yake Marekani mwaka 1907, na Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee, alipewa yake mwaka 1911. Husimuliwa kwamba Evinrude alipiga makasia kwenda kumnunulia mchumba wake, Bess, aiskrimu ng'ambo ya ziwa, na ilipofika ilikuwa imeyeyuka, ndipo akaapa kutengeneza mashine. Lililo muhimu zaidi ni kwamba Bess, aliyekuja kuwa mkewe, ndiye aliyeisimamia biashara na kuandika tangazo la kuwahimiza watu wayatupe makasia. Injini yao ya kwanza ilikuwa na nguvu farasi 1.5 na uzito wa kilo 28 hivi.

Mambo matatu yamewekwa katika kipande kimoja, yaani injini, rafadha na usukani. Hapo awali mtu aliyetaka kutia injini ndani ya mashua ilimbidi atoboe ubao kwa ajili ya mhimili, auzibe usivuje, na aache usukani wa kawaida nyuma. Evinrude aliusimamisha mhimili wima, ukashuka majini ndani ya bomba, na chini kabisa giya mbili za pembe zikaugeuza mzunguko huo uwe wa kulala ili rafadha isukume maji kuelekea nyuma. Ukiizungusha injini nzima kwa mkono wake, umegeuza njia ya boti. Boti haitobolewi hata tundu moja. Unaibana kwa skrubu mbili, na jioni unaibeba begani kwenda nayo nyumbani.

Katika injini ndogo waonyeshe pini inayoishikilia rafadha kwenye mhimili. Imetengenezwa kwa chuma laini makusudi. Mtu anayepita njia ya Mkanda maji yakiwa yamekupwa akagusa mchanga au jiwe, pini hiyo hukatika na giya zikasalimika. Nahodha mwenye busara huwa na pini za akiba, pamoja na kasia.

Maalim wa Langoni, Lamu

Nawashukuru sana nyote, na Mzee Nahodha, mwaliko wako nimeupokea kwa mikono miwili. Tutakuja siku ya Jumamosi ambayo maji yatakuwa yamejaa. Kwa somo lenyewe la darasani nimeshawishika na zipu, hasa kwa ile hoja ya jino lisilo dume wala jike, maana nimeng'oa moja kutoka begi bovu la mwanangu na nimekikuta kile kishimo.

Limenibakia swali moja, ambalo najua wanafunzi wataliuliza kabla sijamaliza kuandika ubaoni. Ikiwa Judson alikuwa na hataza ya kifungio chenye kitelezi mwaka 1893, vipi Sundback akapewa nyingine mwaka 1917? Na ikiwa Waterman alitangulia mwaka 1907, vipi Evinrude akapewa ya 1911? Je, si kumdhulumu aliyetangulia?

Msomi wa Sheria, Malindi

Maalim, swali hili ndilo linalowachanganya hata watu wazima wanaokuja kuuliza habari za hataza, kwa hiyo nitalijibu kwa utaratibu.

Hataza hailindi wazo la jumla. Hakuna mtu anayeweza kumiliki wazo la kufunga nguo kwa kitelezi, wala wazo la kusukuma boti kwa injini. Kinacholindwa ni namna mahususi ya kulitimiza wazo hilo, na namna hiyo huandikwa mwishoni mwa hati katika sehemu inayoitwa madai, kwa maneno yaliyopimwa mmoja mmoja. Judson alidai kulabu na vitanzi vyake. Sundback alidai meno yanayofanana, yenye kinundu na kishimo, yaliyopangwa kwenye ukingo wa utepe kwa nafasi maalumu. Ofisi ya hataza haikuuliza nani wa kwanza kutamani kitu cha namna hii; iliuliza kama jambo lililodaiwa lilikuwa jipya, na kama halikuwa dhahiri kwa fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida. Yule wa kwanza hakudhulumiwa, kwa sababu alichokibuni kilibaki chake hadi muda wake ulipokwisha. Ndivyo ilivyo kwa Waterman na Evinrude.

Muda huo nao ni sehemu ya mapatano. Mvumbuzi anaieleza siri yake yote hadharani, kiasi kwamba fundi mwingine akiisoma hati anaweza kukitengeneza kifaa, na dola inampa haki ya kuwazuia wengine kwa miaka kadhaa tu. Marekani ya wakati ule ilitoa miaka 17 tangu siku hataza ilipotolewa, kwa hiyo hataza ya Sundback ya 1917 ilimalizika mwaka 1934. Waambie wanafunzi watazame herufi zilizochongwa kwenye kichwa cha zipu za nyumbani kwao. Wengi watakuta YKK, ambayo ni kampuni iliyoanzishwa Tokyo na Tadao Yoshida mwaka huo huo wa 1934. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, hataza hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, na ofisi inayohusika ni KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, iliyoko Nairobi.

Dhuluma ya kweli hutokea kwingine, na ningependa wanafunzi walijue hili. Katika hati huandikwa jina, na jina hilo si kila mara la aliyekesha akifikiri. Giya ya baiskeli yenye kasi tatu inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu, iliyotoka Uingereza mwaka 1902, inaitwa Sturmey-Archer hadi leo, na kizazi cha baba zetu kiliijua. Kazi kubwa ya kuibuni ilikuwa ya William Reilly, lakini kwa kuwa alikuwa amefungwa na mkataba wa awali aliousaini kuhusu giya nyingine, hati ikaandikwa kwa jina la mwenzake, James Archer. Jina la Reilly halimo kwenye gurudumu lolote. Naye Dewar aliyetajwa hapo juu alikuwa na uvumbuzi ulio wake bila shaka yoyote, akauonyesha kwa walimwengu bila kuomba ulinzi, na mahakama haikuwa na hati ya kushika. Kijana wa Malindi au Lamu anayetengeneza mashine ya kukunia nazi au ya kusokota kamba kwa njia mpya, akaipeleka kwenye maonyesho kabla ya kuuliza, anaweza kujikuta amesimama mahali hapo hapo aliposimama Dewar.

Kwa sababu hiyo ningependekeza kwamba somo lako lisiishie kwenye kuchunguza zipu. Kila kundi la wanafunzi liandike dai moja: sentensi moja, hata ikiwa ndefu, inayoeleza jino la Sundback kwa namna ambayo kulabu ya Judson isiweze kuingia ndani yake. Wataona wenyewe kwamba neno moja likikosekana, mtu mwingine atapita katika pengo hilo.

Mshoni wa Malindi

Zoezi la Bwana Msomi limenipendeza sana, na ili wanafunzi waweze kuandika dai hilo ni lazima wauone muundo vizuri, basi nikueleze ninavyofikiri upange vifaa vyako.

Dukani zipu zinaulizwa kwa namba, na namba hiyo inakaribia upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba 3 ni ya gauni, meno yake hayaonekani vizuri. Nunua namba 5 ya chuma kwa ajili ya kung'oa meno, na namba 10 ya meno makubwa ya plastiki kwa ajili ya kutazama yakiingiana. Usinunue ile ambayo badala ya meno ina uzi wa nailoni uliosokotwa, kwani ni muundo mwingine wa baadaye na itawachanganya. Kichwa cha namba 10 kipasue katikati kwa msumeno wa chuma, ukiwa umekibana vizuri, ili njia mbili na kabari vionekane. Kazi hiyo uifanye wewe au umpe fundi, wanafunzi wasishike msumeno.

Kisha tengenezeni zipu kubwa ya darasa. Kusanyeni malapa yaliyokatika, ambayo ufukweni hayakosekani, mkate soli zake ziwe meno ya urefu wa kidole. Upande mmoja wa kila jino gundisheni kifungo cha shati kiwe kinundu, na upande wa pili mchimbe shimo linalokitosha kifungo hicho. Yashoneni kwenye ukingo wa vipande viwili vya turubai, na nafasi kati ya jino na jino ilingane na unene wa jino moja na uzidi kidogo sana. Hapo msikisie, pimeni kwa rula, kwa sababu nafasi ikiwa kubwa meno yatachomoka na ikiwa ndogo hayataingia. Wanafunzi wawili washike turubai na kuzipinda, wa tatu ayalete meno pamoja kwa mikono yake, yaani yeye ndiye kichwa cha zipu. Wakishafika mwisho waivute kwa pande mbili waone kama itaachia. Halafu wainyooshe vibaya makusudi, wapinde katikati, waone ilivyo rahisi kuachia hapo.

Vichwa vilivyolika ninavyo vingi kwenye kopo hapa dukani, vya kila namba, na kila kimoja kinaonyesha kilipopanukia. Nitavifunga pamoja na mabaki ya turubai na kuvipa basi la Mokowe. Unitumie tu ujumbe wa siku ambayo mtu wako atakuwa gatini kuvipokea.